Muuza Taa wa Ukurasa wa Mia Moja na Kumi

Isiolo, baada ya alasiri

Talaso mwanangu,

Salaam aleikum. Najua inachekesha kumsalimia kwa kalamu mtu ambaye ndala zake ziko hapa mlangoni, lakini wiki tatu hizi salamu zetu zimekuwa za kulazimishana, na ya leo asubuhi hata sikuisikia. Umeenda mtaa wa Kiwanjani kumuaga Akko. Nyanya yako hamwachi mtu aondoke bila chai ya pili na dua ya tatu, kwa hiyo nina nafasi mpaka magharibi. Kesho saa tatu gari la Nakuru linaondoka na wewe ukiwa ndani. Nikingoja kusema kwa mdomo, nitaishia kukuuliza kama umeweka sweta.

Sweta umeweka. Nimeangalia. Wala sitakuambia namna ya kushika simu barabarani, au nani wa kumfungulia mlango. Hayo Akko anakuambia sasa hivi na wewe unaitikia kwa kichwa huku unafikiria mambo mengine. Mimi nimekaa chini kwa ajili ya jambo uliloniomba mwenyewe. Uliniambia, "Mama, soma kitabu hiki, halafu uniambie maoni yako kabla sijaondoka." Nimekisoma. Nimekimaliza jana.

Ndiyo, kile kile, "Mji wa Chapa". Kile nilichokirusha juu ya kabati nikasema ni uchawi mtupu, na kwamba haya ndiyo mambo anayokufundisha huyo mtoto wa Sadia. Ukaniuliza, taratibu tu, "Mama, Kabale amekukosea nini?" Nikaanza kupiga kelele juu ya vyombo ambavyo havijaoshwa. Vyombo vilikuwa vimeoshwa.

Siku ya pili yake ulipoenda shuleni kuchukua cheti, nilipanda kiti nikakishusha. Tangu hapo nimekisoma kwa vipande, kwenye kibanda cha maziwa nikingoja gari la kutoka Gotu, na hapa jikoni ukiwa umelala. Nimekuwa nikikificha kwenye ndoo ya unga. Ukikuta weupe kwenye kurasa, mwambie Kabale ni mimi na anisamehe, kwa maana kitabu ni chake. Hilo la unga ndilo dogo katika yale ninayotaka anisamehe.

Nianze na sifa, maana hata mbuzi mbovu sokoni husifiwa pembe kwanza. Huyu mwandishi anajua kukimbiza mtu. Pale yule msichana Sherani na wezi wenzake wanaporuka kutoka paa hadi paa na askari wako chini na taa zao, chai yangu ilichemka ikamwagika ikazima jiko, na sikuinuka. Yule bibi kibogoyo anayefungua kufuli kwa kuziimbia nilimpenda sana. Ningemwalika hapa nyumbani, lile kufuli la stoo limenishinda. Na huo mji wa Karasha ameujenga vizuri, una vichochoro na madaraja na moshi, nimeuona. Kila mtoto anapigwa chapa kwenye kifundo cha mkono, kama sisi tunavyopiga ngamia, na ukifanya uovu chapa yako inakuwa nyekundu. Askari hawaulizi maswali. Wanatazama mkono tu, mwenye wekundu anaondoka nao. Hilo la kutouliza maswali amelipata sawasawa.

Sasa kasoro. Wezi wote wa kitabu hiki ni warembo. Mimi nimeishi Isiolo miaka arobaini na mbili, nimewaona wezi wa mifugo, wezi wa simu na wezi wa kura, sijaona hata mmoja mwenye macho ya aina hiyo. Halafu watoto wa miaka kumi na sita wanaishi darini, watano, mwaka mzima, na hakuna mama hata mmoja anayewatafuta. Hakuna anayepika. Hakuna anayefua, lakini yule kijana kiongozi wao kila akitokea ana shati jeupe. Nani alifua? Mwandishi angetuambia. Ukurasa ule wa kubusiana niliuruka. Wewe najua hukuuruka.

Lakini hayo ni ya kutaniana tu. Yangekuwa ndiyo yote, barua ingeishia hapa na kesho ningekusindikiza stendi nikicheka.

Rudi ukurasa wa mia moja na kumi. Sherani ana kipawa chake kile cha kuhamisha wekundu. Mwizi akishaiba, Sherani anamshika mpita njia mkono kidogo tu, kama anamsalimia, na uovu unahama. Pale sokoni kiongozi wao ameiba ule ufunguo wa mfalme, mkono wake umekuwa mwekundu, askari wanakuja. Sherani anageuka huku na huku. Jirani yake kuna mwanamke anauza taa za mafuta, ameinama anapangusa moja kwa pindo la leso. Sherani anamgusa. Askari wanamchukua muuza taa, taa zinakanyagwa, na wezi wetu warembo wanapanda paa.

Nilipofika hapo mara ya kwanza, Talaso, nilifunga kitabu. Nilidhani unajua. Nilidhani mmejua wote wawili, wewe na Kabale, mkanitafutia kitabu cha kunisuta bila kunitaja. Ndiyo maana nilikirusha. Uchawi nilioupigia kelele haukuwa wa Karasha, ulikuwa wangu.

Baadaye nilipokishusha, nilikuwa na hamu moja tu. Nilitaka kujua yule muuza taa alifanywa nini. Nikasoma. Ukurasa wa mia mbili, hayupo. Sherani anapendana na yule wa shati jeupe, hayupo. Mia tatu, wanaingia jumba la mfalme, nikasema sasa watapita jela, watamkuta. Walipita jela. Walimtoa rafiki yao wakaondoka. Mwisho wa kitabu mji umeokolewa, chapa zote zimefutwa, Sherani amevishwa taji na watu wanashangilia uwanjani, na mimi nilikuwa bado nawapekua wale watu wa uwanjani namtafuta mwanamke mwenye leso. Mwandishi amemsahau. Hata jina hakumpa. Hayo ndiyo maoni yangu juu ya kitabu: ni kizuri, na kimemsahau mtu mmoja, na kwa sababu hiyo mimi siwezi kukisifu.

Wangu ana jina. Anaitwa Sadia, mama yake Kabale.

Ulikuwa darasa la tano. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa amekufa mwaka ule, na mimi ndiye niliyekuwa nimepewa kazi ya kuonja pale kwenye kibanda cha maziwa. Unaijua kazi hiyo tangu utoto, lakini wacha niieleze, huenda siku moja barua hii ikasomwa na mtu asiyeijua. Maziwa ya ngamia yanakuja kutoka malishoni kwenye mitungi ya plastiki, kila mama na mitungi yake. Kila mama amefunga kitambaa cha rangi yake kwenye mkono wa mtungi. Sadia alikuwa na chekundu, mimi cha kijani. Mwonjaji anafungua kila mtungi, ananusa, anaonja, na akiridhika yanamwagwa yote pamoja kwenye yale madebe makubwa ya chuma yanayopelekwa Nairobi. Yakishachanganywa hakuna tena yako na yangu. Mtungi mmoja ukiharibika unaharibu kazi ya wanawake ishirini. Ndiyo maana mwonjaji anaheshimiwa, na ndiyo maana ufunguo wa kibanda unakaa kwake.

Ilikuwa Ramadhani. Mwezi huo mwonjaji amefunga, kwa hiyo anaonja Mama Kinya, yule Mmeru mwenye kucheka sana, yeye ni wa kanisa. Siku hiyo Mama Kinya alikuwa amepanda milimani kwenye mazishi. Sasa kama Mama Kinya hayupo, tuna desturi yetu ya kimya: anaonja mama yeyote ambaye siku hiyo hakufunga kwa sababu ya siku zake. Hakuna anayeuliza. Anachukua tu kikombe. Na siku hiyo mama huyo nilikuwa mimi.

Lakini vijana wa kupakia walikuwa wamesimama pale, na mmoja wao alikuwa shemeji yangu, ndugu mdogo wa baba yako. Niliona haya. Nikichukua kikombe nikaonja, wote watajua. Kwa hiyo nikakaa kama niliyefunga, nikanusa tu. Na maziwa yetu, unavyojua, mtungi unafukizwa moshi kabla ya kujazwa, kwa hiyo pua inadanganywa kwa urahisi, ulimi haudanganywi. Nilipofika kwenye mtungi wangu mwenyewe nilisita. Siku iliyotangulia, nikiupeleka kwenye gari la malishoni, nilikuwa na haraka, nilikuwa nimeuosha ovyo nikaufukiza sana ili moshi ufanye kazi ya maji. Shuleni walitufundisha, la kuvunda halina ubani. Mimi nilijaribu ubani. Nilinusa, nikasita, nikamwaga.

Kesho yake asubuhi ikaja simu kutoka Nairobi. Watu walikuwa wamechemsha maziwa ya kufuturu yakakatika yote kwenye sufuria, na wengine walioyanywa bila kuchemsha waliharisha usiku kucha, pamoja na mzee mmoja aliyelazwa. Mwenyekiti wetu wa wakati ule aliwaita wamama wote kibandani. Alisema mitungi ya jana haijaoshwa bado, itanuswa mmoja mmoja, na mwenye mtungi mbovu atajulikana.

Mimi nilikuwa na ufunguo. Nilifika wa kwanza.

Nilinusa wangu, nikajua. Hata haikuhitaji pua ya mwonjaji. Nilisimama pale nikiwa na mtungi mkononi, na nilikufikiria wewe, nisikudanganye, lakini zaidi nilijifikiria mimi. Mwonjaji aliyepitisha mtungi wake mwenyewe mbovu. Nilisikia sauti za wamama wakija barabarani, wanasalimiana. Mtungi wa Sadia ulikuwa jirani. Nikafungua kitambaa changu cha kijani, nikafungua chake chekundu, nikabadilisha. Kufunga kamba ya kiatu kunachukua muda mrefu kuliko huo.

Wakaingia. Mwenyekiti akanusa, akafika kwenye kitambaa chekundu, akageuza uso. Sadia akauchukua mtungi mwenyewe akanusa. Akanusa tena. Akanusa mara ya tatu, na mimi nilikuwa nimesimama kama hatua mbili kutoka kwake nikimwomba Mungu kwamba Sadia atambue plastiki ile si yake, na nikiomba asitambue. Akauweka chini akasema, "Ni kweli. Imeharibika." Basi. Hakubisha hata neno moja. Walimtoa kwenye kikundi siku hiyo hiyo.

Yaliyofuata unayajua ila hujui kwamba yanahusiana. Unajua Sadia anauza mkaa kando ya barabara. Unajua Kabale alikuwa mbele yako darasa moja, akakaa nyumbani mwaka mzima kwa sababu mama yake hakuweza, na aliporudi akawekwa darasa lako, kwenye dawati lako. Ulikuja nyumbani siku hiyo ukaniambia umepata rafiki ambaye anajua hadithi nyingi. Niliuliza anaitwa nani. Uliponiambia, nilienda nje nikasimama nyuma ya choo mpaka nikaweza kurudi.

Umewahi kuniuliza kwa nini tuna magunia ya mkaa nyuma ya jikoni na sisi tunapikia gesi. Nilikuambia ni ya mvua. Talaso, hakuna mvua ya namna hiyo Isiolo. Nilikuwa nanunua kwa Sadia kila nilipopita, nikidhani nalipa kitu. Nilimsalimia kuliko nilivyowasalimia dada zangu. Halafu nikawa simpendi Kabale. Mtoto mwenye adabu, anakuja hapa ananisaidia kubeba maji bila kuombwa, na mimi natafuta kosa lake. Anacheka sana. Anaazima vitabu. Hili ndilo ninalotaka uondoke nalo, kama utataka kuondoka na kitu changu: ukimkosea mtu ukanyamaza, si kwamba utamwonea huruma. Utaanza kumchukia. Mimi sikujua hivyo. Nilidhani mwenye kosa anabaki na majuto, kumbe nilibaki na hasira, na hasira nikammwagia mtoto wa watu.

Sasa wewe na Kabale mnaenda chuoni Nakuru kukaa chumba kimoja. Mtakula sahani moja. Mtavunja kikombe, mtacheleweshana, mtasema neno nyuma ya mtu. Ni vitu vidogo. Viseme siku hiyo hiyo, hata kwa aibu, hata kama shemeji amesimama hapo. Wanasema mficha uchi hazai. Mimi nilificha siku zangu mbele ya vijana wa kupakia, na angalia kilichozaliwa.

Nilipofika hapa niliweka kalamu chini. Nilisoma nilichoandika, na nikaona nimefanya kama yule mwandishi. Nimekuambia wewe, nimelia kidogo, nimejisikia mwepesi, na Sadia bado yuko kando ya barabara na mkaa wake. Nimemwacha ukurasa wa mia moja na kumi. Basi nikajifunga leso nikatoka. Nimerudi sasa hivi. Jua linakwenda, kwa hiyo mwandiko utauvumilia.

Nilimkuta anapima mkaa kwenye mikebe. Alinikaribisha kama kawaida, akaniambia nikae, akasema lazima nimekuja kwa habari ya safari ya watoto. Nikamwambia hapana. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitazunguka. Nilianza na mtungi, nikamaliza na kitambaa.

Halafu akasema, "Rudia hiyo ya kitambaa."

Nikarudia.

Alitazama mikono yake, ile mikono myeusi. Nilingoja matusi. Ningeyapokea vizuri, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi njia nzima. Akasema, "Mimi nilijua ni mimi."

Sikuelewa. Akasema, "Mama Talaso, mimi hiyo mtungi nimeosha kwa kichwa yangu miaka nane. Kila usiku. Naosha, nafukiza, nauliza wapi nilikosea. Nilinusa nikaona imeharibika na ina kitambaa yangu, nikasema basi, ni mimi. Yule mzee wa Nairobi aliugua, nikasema ni mimi nilimgonjesha. Nimemwombea huyo mzee mpaka leo."

Nilisema, "Sadia, nisamehe."

"Ngoja," akasema. "Ngoja kwanza. Kabale nilimwambia nini? Aliniuliza kwa nini ametoka shule. Nikamwambia mama yako ni mchafu, aliharibu maziwa ya watu. Mtoto wangu anajua mimi ni mchafu. Unasikia? Hiyo ndiyo anajua."

Hapo ndipo nilipokaa chini, kwenye vumbi la mkaa, bila kukaribishwa. Miaka yote hiyo nilidhani nimemwibia kazi. Talaso, nilikuwa nadhani hivyo tu, kwamba nilimwibia kazi na jina kwa watu, na kwamba yeye moyoni mwake anajua hana kosa. Nilijifariji na hilo. Kumbe kosa langu lilihamia kwake lote, hata ndani. Aliamini. Unakumbuka Sherani anavyomwambia yule bibi wa kufuli kwamba wekundu ukihama mwenye kuupokea hahisi maumivu? Nilipoisoma niliipita haraka. Mwandishi amedanganya hapo, na sasa najua kwa nini nilitaka kumwamini.

Sadia hakunisamehe. Nakuandikia hivyo ili usije ukadhani kuna taji mwishoni. Akasema, "Utasema mbele ya wamama. Pale pale kibandani. Maziwa ikifika, wote wakiwa hapo, mitungi ikiwa imefunguliwa. Na mimi nitakuwa nimesimama hapo."

Nikamwambia nitasema. Nikamwambia Jumatatu.

"Kesho."

"Kesho watoto wanasafiri, Sadia. Gari ni saa tatu."

"Na maziwa ni saa tatu," akasema.

Nikamwambia tukitoka stendi tutaenda moja kwa moja. Akasema tukitoka stendi maziwa itakuwa imemwagwa kwenye madebe na wamama wametawanyika, na kuna wale wa Garbatulla wanaokuja mara moja kwa wiki, na siku yao ni kesho, na wao pia walikuwepo siku ile. Akasema, "Unafikiri mimi sitaki kumsindikiza Kabale? Ni mmoja tu niko naye." Akaokota kipande cha mkaa kilichokuwa kimeanguka akakirudisha kwenye mkebe. "Lakini nikingoja tena, wewe utapata sababu. Nakujua. Miaka nane umepata sababu."

Nimekubali.

Kwa hiyo kesho, mwanangu, sitakuwepo stendi. Nimekuwa nikiingojea siku hiyo tangu ulipokuwa ukikariri hesabu kwa sauti pale chini ya dirisha. Nilikuwa nimeamua nguo ya kuvaa. Nilikuwa nimeamua kwamba sitalia mpaka gari lipite kona, na nilikuwa nimejifunza kwa kioo. Naogopa kesho kuliko nilivyoogopa siku ya kukuzaa. Wale wanawake wamenipa ufunguo miaka hii yote. Huenda nikirudi nyumbani sina kazi, na huenda Akko akasikia kabla hujafika Nakuru, na huenda wewe ukakaa mwaka mzima bila kunipigia. Nimeyafikiria yote. Nikikusindikiza, nitakuwa nimekuonyesha mara ya pili namna ya kuruka paa na kumwacha muuza taa sokoni.

Barua nitaiweka ndani ya kitabu, ukurasa ule ule, na alfajiri, ukiwa bado umelala, kitabu nitakiweka juu ya sweta ili ukione ukifunga begi. Leo usiku nitakupikia na sitasema kitu. Ukiniona nakutazama sana usiniulize. Asubuhi nitaondoka mapema kufungua kibanda, kama kawaida, na utadhani nitakuja stendi baadaye. Huo ndio uwongo wangu wa mwisho kwako na ni wa saa chache tu.

Kama utampa Kabale aisome au hutampa, hilo ni lako. Mama yake amesema atamwambia mwenyewe kwa simu baada ya kutoka kibandani, anataka kusema kwa mdomo wake kwamba yeye si mchafu. Msifungue simu zenu kwa michezo, mwachieni laini.

Mtasimama pale stendi, wewe na yeye, na mabegi yenu, mkitazama barabara. Mabegi yakishapakiwa na dereva akianza kupiga honi, Kabale atakuuliza mama zetu wako wapi. Mwambie wako pamoja. Mwambie wako kwenye maziwa.

Mama yako